Kadi ya Jiwe Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Uji saa moja. Vidonge vitatu, kile cheupe kinanikwama kooni. Binti yangu Otilia amenifuta mgongo, amenigeuza nielekee ukutani, amekwenda kuwasha pipa la kung'arishia mawe. Sasa linanguruma upande wa pili kama mtu anayetafuna bila kumeza.

Nimeficha mambo mawili. Nimeyaficha miaka kumi na mmoja. La kwanza nitaliandika leo kwa kuwa ni jepesi. La pili nitaliandika nikiweza.

La kwanza ni hili. Mawe si yangu. Watu wanaona kibao barabarani, "Mawe ya Mwalimu", wanasimamisha gari, wanaingia sebuleni kwangu, wanasoma kadi iliyo chini ya kila jiwe. Namba, aina, mahali, aliyeokota. Aliyeokota ni Mwl. Gaudensi, kadi baada ya kadi. Uongo. Aliyeokota ni marehemu mke wangu, Skolastika. Mimi niliandika kadi.

Mkono umechoka.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Katekista amekuja na majivu kwenye kikopo cha siagi. Amenipaka kwenye paji, ameniambia mimi ni mavumbi. Najua. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne.

Ilivyoanza. Kila mwaka mwezi huu Skola alichimba ngoro mteremkoni nyuma ya nyumba. Majani yanafyekwa, yanapangwa chini miraba miraba. Kisha udongo unachimbwa katikati ya mraba na kufukiwa juu ya majani. Shimo linabaki katikati, maharage yanapandwa kwenye kingo. Mlima mzima mashimo. Jembe hugonga mawe. Wanawake wenzake waliyatupa. Yeye aliyafunga kwenye pindo la kitenge.

Jioni aliyaosha, kisha aliyalamba. Nilimwambia aache uchafu. Akasema jiwe kavu halikuonyeshi kitu, mpaka lilowe. Alikuwa sahihi. Hata leo Otilia huyanyunyizia maji kabla ya kuyapiga picha kwa simu. Hajui hilo limeanzia wapi.

Mimi nilikuwa na majina. Ulanga, ganeti, itale, yakuti. Yeye hakuwa na jina hata moja, ila angefumba macho na kukuambia lipi la mtoni na lipi la shambani, kwa uzito na ubaridi tu. Nilinunua daftari la jalada gumu. Nikapaka namba nyeupe ubavuni mwa kila jiwe. Kwenye safu ya aliyeokota nikaandika jina langu, kwa kuwa daftari lilikuwa langu.

Skola aliishia darasa la nne, lakini jina lake alijua kulisoma. Alilitafuta ukurasa mzima kwa kidole. Hakuliona. Mwaka wa kwanza alicheka. Mwaka wa pili hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Wageni saba baada ya Misa, wanashuka Mbamba Bay kuogelea. Wamenunua mawe ya ziwani, kama kawaida. Ya milimani yanapendwa na wachache. Ya ziwani anatuletea mama mmoja wa Lundo, kwa ndoo, pamoja na usipa, dagaa wa kukausha. Otilia anayazungusha kwenye pipa wiki nne: kwanza mchanga mkali, kisha laini, kisha unga wa kung'arishia. Pipa lenyewe ni kipande cha bomba, ndani limevishwa mpira wa gurudumu. Fundi wa kuchomelea alilitengeneza. Halizimwi ila Jumapili na sikukuu, na leo amesahau kulizima.

Otilia ndiye mtoto wetu wa pekee. Alikuwa Songea, akiuza katika duka la vifaa vya shule. Miguu yangu ilipokataa, miaka saba iliyopita, alirudi kuniuguza. Alikuta masanduku ya mawe chini ya kitanda. Akasema, "Baba, hii ni mali umeilalia." Kabati la vioo ni lake. Kibao ni chake. Leseni alifuatilia yeye, mguu kwa mguu. Nilichoifanyia biashara hii ni kuandika kadi na kunyamaza.

Katikati ya kabati, juu ya kitambaa chekundu, liko Jiwe Namba Moja; namba za kabatini alizipanga Otilia kwa uzuri, si kwa tarehe. Yakuti ya bluu, ukubwa wa yai la njiwa. Halijaingia kwenye pipa, haliuzwi. Picha yake ndiyo iliyoko kwenye kibao. Watu wanasimama kwa ajili yake, wananunua mengine.

Leo Otilia aliwaleta wageni mlangoni kwangu. Huyu ndiye Mwalimu mwenyewe, aliwaambia. Msichana mmoja akaomba picha. Nikainua mkono kama askofu.

Najichukia. Niliinua mkono vizuri kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Batilda amefika kutoka Mbuji, mdogo wake Skola. Ameleta mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Amenipa shikamoo, kisha akaniuliza kama kifo kimenisahau. Nikamwambia kimepita kwanza Mbuji kumtafuta yeye. Tumecheka. Shemeji ni shemeji.

Kisha akaenda sebuleni, akaanza kusoma kadi kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea. Nilimsikia mpaka alipofika Namba Moja. "'I-me-chi-mbu-li-wa na Mwalimu Gaudensi mwe-nye-we ka-ti-ka ngoro yake.'" Kisha kicheko kilichowashtua kuku.

"Otilia! Njoo mwanangu, macho yangu mabovu. Eti baba yako alichimba ngoro?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama mdogo."

"Alivaa kitenge kipi? Kile chekundu cha marehemu?"

Otilia naye akacheka. Batilda akaendelea, akipaza sauti ili nisikie. Mwanamume anafyeka, alisema, anapanga majani, halafu anakaa kungoja togwa. Jembe la ngoro ni letu wanawake. Na shemeji huyu wa chaki, hata mpini asingejua uko upande gani.

Miaka saba wageni wamesoma kadi ile. Wa Dar hawajui. Wazungu hawajui. Majirani wanajua, lakini majirani hawaingii sebuleni kusoma kadi. Nilifundisha ngoro ubaoni miaka yote hiyo, na katika mchoro wangu mwenye jembe alikuwa mwanamume. Hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kunisahihisha.

Niliandika ngoro kwa kuwa sikuweza kuandika mto. Ningeandika mto, Otilia angejua liliokotwa siku gani.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulala. Batilda hakuja kusoma kadi. Amekuja kuomba kaburi la dada yake lijengewe baada ya Pasaka.

Wazazi wangu wamejengewa. Hata mimi Otilia ameshaninunulia vigae, vimeegemea ukuta wa jikoni, navipita nikisukumwa kwenda kuota jua. Skola ana tuta la udongo na msalaba wa mti. Msalaba wa tatu; miwili iliyotangulia imeliwa na mchwa.

Waliongea asubuhi, wakichambua maharage. Mlango wangu ulikuwa wazi.

Otilia alisema, "Mama mdogo, sina ugomvi na wewe. Lakini mama alijizika mwenyewe. Aliacha shamba, akaenda kuchokoa ukingo wa mto kwenye mvua, kwa tamaa ya mawe, mpaka ukamfukia. Harusi yangu ilikuwa baada ya Pasaka. Alijua."

"Nani alikuambia ni tamaa?"

"Watu wote."

"Watu wote walikuwepo?"

"Na baba hakukataa."

Maharage yalilia kwenye ungo. Nilijua Batilda anautazama mlango wangu.

Harusi iliahirishwa kwa sababu ya msiba. Bwana harusi hakungoja. Otilia hajawahi kuniambia neno juu ya mwanamume yule. Hasira yote ameipeleka kwenye tuta lile la udongo.

Batilda ameondoka na basi la saa tano. Hakuniaga kwa utani.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Bati halisikilizani na pipa.

Naogopa. Si moto wa milele, huo nitaukuta. Naogopa kesho asubuhi. Nikisema, nani atanigeuza? Nani atanishikia kikombe? Otilia ana mikono laini kama ya mama yake, na nimeizoea.

Hii ndiyo sababu yote. Ningependa iwe kubwa zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Padre amekuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Kijana. Otilia alitoka, akafunga mlango.

Nimeungama hasira. Nimeungama uvivu wa sala. Nimeungama pombe ya mwaka ambao hata siukumbuki vizuri. Padre akatabasamu. "Mwalimu, kwa umri wako hizi ni dhambi za kuazima. Huna zako?"

Alikuwa ananitania. Mlango wa toba ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, wazi kabisa. Nikasema, hizo ndizo.

Nimepokea ekaristi juu ya uongo. Padre amenunua mawe mawili ya Lundo kwa ajili ya mama yake.

Jumanne, 25 Machi

Leo inatimia miaka kumi na mmoja. Otilia hakusema kitu. Alifungua duka saa mbili kama kawaida.

Adhuhuri, akiniosha miguu, nilimwambia jambo la kwanza. Nilisema yote kwa mkupuo. Kwamba mama yake ndiye aliyeyaokota, kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho. Kwamba sikuokota hata moja. Kwamba kadi zote ni uongo.

Alikaa, kitambaa kinadondosha maji sakafuni. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe. Ndiyo maana, baba. Yalikuwa yake. Ndiyo maana aliyapenda kuliko sisi."

Akaendelea kuniosha. Kwa upole kuliko siku zote. Akaniambia nisijisumbue, kwamba anaelewa, nilibeba jina ili watu wasimseme mama zaidi.

Anadhani nilikuwa namfichia Skola aibu. Amenipenda zaidi kwa ajili hiyo. Jioni alinikaangia yai.

Nimesema ukweli nusu, nao umemzika mke wangu mara ya pili.

Nililila lile yai.

Jumamosi, 29 Machi

Otilia amevua kibao. Anataka kiandikwe upya, "Mawe ya Mwalimu na Mkewe". Mchora vibao ameuliza jina la mke. Otilia alimjibu, "Hapana, andika tu mkewe."

Jumamosi, 5 Aprili

Jambo la pili. Nitaandika bila kusimama.

Palikuwa na mnunuzi. Skola alikuwa ametoa jiwe dogo la bluu ukingoni mwa mto, chini ya shamba, mahali ambapo maji yamekata ardhi na changarawe inaonekana kwa chini. Mnunuzi aliliona kwangu. Akasema kama liko kubwa zaidi, atarudi Alhamisi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Jioni ya Jumatatu nilimwambia Skola ashuke mtoni. Akasema udongo umelewa maji, ukingo unapumua. Asubuhi nikamwambia tena. Akasema ngoro hazijaisha, maharage yatachelewa, na Jumamosi anakwenda Songea kwa mambo ya harusi ya mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani.

Nikamwambia: Ukiniletea lingine kama lile, nitaandika jina lako kwenye daftari.

Aliniangalia kwa muda. Akaliegemeza jembe la ngoro ukutani, akachukua sululu. Lile jembe liliegemea pale wiki tatu baada ya maziko, hakuna aliyeligusa.

Nilimtuma. Nilimtuma kwa jina lake mwenyewe.

Na kuhusu tamaa. Otilia anasema baba hakukataa. Ni zaidi ya hapo. Msibani, wanaume tukiwa tumezunguka moto, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mama alikwenda kufanya nini kule na mvua ile?" Nikajibu, "Alipenda mawe mno." Maneno matatu. Kufika asubuhi yalikuwa yameshazunguka kijiji kizima, na kufika siku ya kuanua matanga yalishakuwa tamaa. Sikusema kingine. Sikuhitaji.

Mnunuzi hakurudi Alhamisi. Hakurudi kabisa.

Alhamisi, 10 Aprili

Ugali haupiti tena. Uji tu, na supu ya usipa bila usipa.

Batilda amepiga simu. Atakuja kula Pasaka nasi. Otilia amemwambia karibu, lakini habari ya kaburi asiilete.

Niliandika mambo mawili. Hata humu nimedanganya. Yako matatu.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Otilia ameniletea tawi, amelichomeka juu ya kitanda. Nimemwita mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza nikaomba maji. Mara ya pili nikaomba anigeuze.

Ulimi ni mwoga. Mkono kidogo una adabu. Nimekuwa mtu wa kuandika kadi, nitaandika kadi.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Pipa limezimwa, na leo hakuna wageni. Nyumba imekuwa kubwa. Nasikia kuku wanavyokwaruza nyuma, na maji ya mto kule chini. Sikumbuki mara ya mwisho niliyasikia.

Nimemwomba Otilia aniletee Jiwe Namba Moja nilishike, na kadi mpya, na ile kalamu nyeusi. Nimemwambia kadi ya zamani ina kosa, mama yake mdogo aliliona. Akatabasamu. "La kitenge?" Nikasema la kitenge. Ameniwekea mto mgongoni, amekwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba.

Jiwe ni zito kuliko nilivyokumbuka. Baridi. Skola angesema la mtoni, akiwa amefumba macho.

Kesho asubuhi Otilia atalirudisha kabatini. Husoma kila kadi kabla ya kuiweka, kwa ajili ya makosa yangu ya mkono unaotetemeka. Batilda atakuwepo, anaingia leo jioni. Hilo ni jema, asiwe peke yake. Mimi sitaomba uji. Akileta, nitakunywa. Asipoleta, ni haki yake.

Kadi nimeiandika hivi:

*Namba 1. Yakuti ya bluu. Haliuzwi.*
*Mahali: ukingo wa mto, chini ya shamba.*
*Aliyeokota: Skolastika. Alikataa mara mbili. Mumewe alimtuma kwa kumwahidi jina hili. Hakuwa na tamaa.*

Upande wa mbele umejaa. Nimeigeuza. Nyuma nimeandika hivi, kwa herufi kubwa, asihitaji kuniuliza:

*Nilikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amefunikwa na udongo mpaka shingoni, uso upande. Mkono mmoja ulikuwa nje, umelishika jiwe hili. Sikuangalia kama anapumua. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, navyo vilikaza. Nikashuka majini, nikaliosha, nikalilamba nione rangi. Nikalitia mfukoni.*

*Kisha ndipo nikaita watu.*